Kibaba, Frasila na Mkebe: Historia ya Bei ya Kipimo Kimoja kutoka Pwani hadi Masoko ya Kongo

Utangulizi

Mnunuzi anayesimama sokoni Bukavu mbele ya wauzaji wawili wa maharagwe hukabiliwa na swali kongwe kuliko noti iliyomo mkononi mwake: kwa nani maharagwe ni rahisi zaidi? Swali hilo halijibiwi kwa kulinganisha bei peke yake, kwa sababu muuzaji mmoja anapima kwa mkebe na mwingine amepanga mafungu, wala hakuna ajuaye kwa hakika ni mafungu mangapi yanayojaza mkebe huo. Ili apate jibu, mnunuzi hana budi kufahamu bei ya kipimo kimoja, yaani fedha zinazotolewa kwa kilo moja, kwa lita moja au kwa kibaba kimoja cha bidhaa ile ile.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukuliwe mfano wa kubuni: mfuko wa unga wa kilo 5 unauzwa franka 10,000, na mfuko wa kilo 3 unauzwa franka 6,600. Mfuko wa pili hupendeza macho kwa kuwa unadai fedha chache. Lakini bei ikigawanywa kwa uzito, kilo moja ya mfuko wa kwanza ni franka 2,000, na kilo moja ya mfuko wa pili ni franka 2,200. Mwenye kuchukua mfuko mdogo amelipa franka 200 zaidi kwa kila kilo, bila ya mtu yeyote kumdanganya.

Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kufanya hesabu hiyo. Hata hivyo, historia ya biashara katika nchi za Waswahili, na katika Kongo iliyopokea lugha yao na vipimo vyao, inaonyesha kwamba watu wengi walizuiwa kuifanya, nao hawakuzuiwa na ujinga wa kugawanya. Kugawanya kunadai kipimo kinachojulikana na pande mbili, na kipimo hicho mara nyingi kilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Makala haya yanafuata safari ya vipimo hivyo, kutoka kibaba cha Unguja hadi mkebe wa Kivu, ili kuona ni lini mnunuzi au mkulima aliweza kujua bei ya kipimo kimoja, na ni lini alinyimwa ujuzi huo.

Vipimo vya pwani na lugha yake

Katika karne ya 19 nafaka za pwani zilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba 4 vilifanya pishi 1, na kibaba cha nafaka kilikuwa na uzito wa ratili moja na nusu hivi. Bidhaa za thamani, kama vile pembe za ndovu na karafuu, zilipimwa kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Nguo zilipimwa kwa mwili wa binadamu: shibiri, ambayo ni upana wa kiganja kilichokunjuliwa, mkono au dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, doti, yaani mikono 8, na jora, yaani gombo zima lililotoka kiwandani.

Kibaba kilikuwa na maana kubwa kuliko ujazo wake. Katika misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kwa hiyo, mtu aliyeuliza bei ya kibaba alikuwa akiuliza bei ya siku moja ya uhai wa mtu mzima. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba hupata nguvu yake hapo: msikilizaji anajua kibaba kinaishia wapi, kwa hiyo anajua ni lini kimejaa.

Lakini je, kilijaa namna gani? Kamusi za kale zinatofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele ni kile kilichorundikwa nafaka mpaka ikafanya kilima juu ya ukingo. Cha mfuto ni kile kilichopanguswa mpaka kikawa sawa na ukingo. Kadhalika, dhiraa kamili iliishia kwenye ncha za vidole, na dhiraa konde iliishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tofauti hizo si mapambo ya lugha. Waswahili walikuwa na istilahi hizo kwa sababu walijua kwamba bei ya kibaba haina maana mpaka isemwe ni kibaba kipi, na kwamba bei ya mkono haina maana mpaka ijulikane ni mkono wa nani. Mfanyabiashara mwenye kununua kwa tele na kuuza kwa mfuto aliweza kupata faida bila ya kubadili bei hata kidogo.

Dini nayo haikunyamaza juu ya jambo hilo. Sura ya 83 ya Kurani, iitwayo Al-Mutaffifin, imepewa jina kutokana na watu wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapimia wenzao kwa upungufu. Kitabu cha Mambo ya Walawi, katika Biblia, kinaamrisha mizani na vipimo vya haki. Katika vitabu vyote viwili kosa linawekwa kwenye kipimo; bei yenyewe haikutajwa.

Ujiji: wabadilishaji wa sofi

Misafara ilipofika ziwa Tanganyika na kuvuka kuelekea Maniema, vipimo vya pwani vilikutana na masoko yenye desturi zake. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alitaka kukodi mashua huko Kawele, Ujiji. Wakala wa Saidi bin Habib alitaka alipwe kwa pembe, na Cameron hakuwa nazo. Muhammad bin Salib alikuwa na pembe, lakini alitaka nguo. Na Cameron hakuwa na nguo pia. Hatimaye ilijulikana kwamba Muhammad bin Gharib alikuwa na nguo, naye alitaka waya. Waya ulikuwapo. Basi waya ukageuka nguo, nguo zikageuka pembe, na pembe zikalipa mashua.

Kisa hiki hutajwa sana na wanauchumi ili kuonyesha usumbufu wa kubadilishana mali kwa mali. Kwa upande wa bei ya kipimo kimoja kina funzo jingine. Cameron alifanya biashara tatu, kila moja kwa kipimo chake: urefu wa waya, mikono ya nguo na uzito wa pembe. Aliyetaka kujua kama mashua ile ilikuwa ghali kuliko nyingine hakuwa na mahali pa kusimama, kwa kuwa bei yake haikuwahi kutajwa kwa kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wenyeji wa soko la Ujiji walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hilo kwa manunuzi madogo ya kila siku. Walitumia shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Soko lilipoanza, watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi shanga zao kwa sofi. Soko lilipokwisha, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Faida hiyo ilikuwa ujira wa huduma ya kweli. Kwa muda wa soko kila kitu, samaki, chumvi na nafaka, kilikuwa na bei kwa shanga moja, na mama aliyekuja kununua aliweza kulinganisha muuzaji na muuzaji.

Ng'ambo ya ziwa, katika nchi za Manyema, hali ilikuwa tofauti. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili yanayoeleza nchi hizo. Ndani yake pembe huhesabiwa kwa frasila mara kwa mara. Msomaji aweza kudhani kwamba panapotajwa frasila pana bei. Lakini sehemu kubwa ya pembe hizo ilipatikana kwa vita na kwa kodi. Frasila ilikuwa ni hesabu ya mwenye bunduki alipokuwa akijiandaa kuuza Unguja. Kwa yule aliyenyang'anywa haikuwa bei ya kitu chochote. Kipimo kilikuwapo, na upande mmoja tu ndio uliokitumia.

Shaba ya Katanga na mitako ya mtoni

Kabla ya frasila kufika, Kongo ilikuwa na vipimo vyake vya thamani. Katika makaburi ya Sanga na ya sehemu nyingine za bonde la Upemba, wanaakiolojia, akiwamo Pierre de Maret, wameonyesha jinsi misalaba ya shaba ilivyobadilika kadiri karne zilivyopita: ilizidi kuwa midogo na kufanana kwa ukubwa. Kitu kinachofanana na mwenzake chaweza kuhesabiwa badala ya kupimwa, na kitu kidogo chaweza kununua vitu vidogo. Wahunzi wa shaba walikuwa wameunda kipimo cha kulinganishia bei muda mrefu kabla ya noti ya kwanza. Kumbukumbu ya misalaba hiyo iliendelea hata ikachorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Mitako ya mto Kongo ilikuwa na mwisho mwingine. Hizo zilikuwa fimbo za waya wa shaba nyeupe zilizotumika kama fedha katika sehemu za chini na za kati za mto. Mtako ulihesabiwa kuwa mmoja, uwe mrefu au mfupi, na kwa sababu hiyo kila aliyekata ncha kidogo alibaki na chuma bila ya kupoteza hesabu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 urefu wake ulipungua hatua kwa hatua. Idadi ya mitako ilibaki ile ile midomoni mwa watu, na shaba iliyomo ikawa haba.

Chini ya Dola Huru ya Kongo unyonge huo wa kipimo ulitiwa nguvu ya serikali. Ripoti ya Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, ilieleza jinsi vijiji vilivyolazimishwa kuleta vyakula kwenye vituo kwa idadi ya mitako iliyo chini sana ya bei ya sokoni. Wanavijiji walijua vizuri bei ya mbuzi na bei ya chikwangwe kwa mitako. Walichokosa ni uwezo wa kukataa. Hapo inaonekana kwamba ujuzi wa bei ya kipimo kimoja ni sharti la lazima, lakini peke yake hautoshi.

Kilo na mizani ya pamba

Utawala wa Kibelgiji ulileta kilo. Kwa nadharia, kilo ilikuwa dawa ya maradhi yote yaliyotajwa: haina tele wala mfuto, haitegemei mkono wa mtu, na haifupishwi kwa kukatwa ncha. Wafaransa waliokubali sheria ya mfumo wa meta mwaka 1795 walikuwa wakiwajibu wakulima wao waliolalamika kwa muda mrefu juu ya vipimo vya mabwana wa ardhi. Lakini katika Kongo kilo haikuja kwa ombi la mkulima.

Kilimo cha pamba kilifanywa kuwa cha lazima tangu mwaka 1917, na Maniema ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Baadaye kila kampuni ilipewa eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuruhusiwa kumwuzia mwingine. Bei ya kilo ilipangwa kutoka juu na kutofautishwa kwa daraja la ubora. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya vijiji hivyo, bei ya kipimo kimoja ilitangazwa hadharani. Pamoja na hayo, mkulima aliyetoka nyumbani na vikapu vyake hakuwa na njia ya kujua ni kilo ngapi amebeba. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, iliyosomwa na karani wa mnunuzi, na daraja la pamba lilikatwa na mnunuzi huyo huyo. Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika utafiti wake juu ya jamii za wakulima wa pamba uliochapishwa mwaka 1997, ameuweka udanganyifu wa kupima miongoni mwa malalamiko yao.

Tofauti na soko la Ujiji ni kubwa. Kule kipimo kilikuwa shanga ambayo kila mtu aliweza kuishika na kuihesabu kwa vidole vyake. Hapa kipimo kilikuwa sahihi kwa sayansi, na mkulima akawa kipofu mbele yake. Bei ya kilo ilijulikana na kilo yenyewe haikujulikana. Matokeo yake ni sawa na kutojua bei kabisa.

Mkebe, fungu na fedha inayoyeyuka

Baada ya uhuru kilo ilibaki katika sheria na katika maduka, lakini masoko ya vyakula yalichagua vyombo vyake. Katika Kivu maharagwe na unga hupimwa kwa mkebe uliotokana na kopo la maziwa ya Guigoz, na jina la maziwa limekuwa jina la kipimo. Lubumbashi hupima mahindi kwa meka. Nyanya, samaki na mboga hupangwa kwa mafungu. Vyombo hivyo vina uadilifu wake: kila mnunuzi anauona mkebe, anaona jinsi unavyojazwa, na aweza kudai nyongeza. Tele na mfuto za Unguja zimerudi kwa majina mengine. Vilevile zimerudi hila zake, kama ile ya kugonga kitako cha mkebe kiingie ndani ili mkebe uonekane umejaa mapema.

Jaribio kubwa la vipimo hivyo lilikuja katika miaka ya 1990. Zaire moja, ilipoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa na wafanyabiashara, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya ghasia Kinshasa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo zaire mpya ilitolewa, kila moja kwa zaire milioni 3 za kale. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 9,000. Mwaka 1998 franka ya Kongo ilichukua mahali pa zaire mpya 100,000.

Katika hali hiyo muuzaji ana njia mbili. Aweza kushikilia kipimo na kubadili bei kila asubuhi, au aweza kushikilia bei na kupunguza kipimo. Njia ya kwanza humkera mnunuzi waziwazi. Njia ya pili ni ya ukimya: fungu la nyanya hubaki na bei ya jana, ila nyanya tano zimekuwa nne, kisha tatu. Wala si lazima muuzaji huyo ashutumiwe. Naye amenunua gunia kwa bei mpya, na wateja wake wana noti ile ile waliyokuwa nayo jana. Lakini kwa mwenye kulisha watoto tofauti ni moja: bei ya nyanya moja imepanda, na hakuna aliyeitangaza.

Hapo ndipo unapoonekana mzigo wa maskini. Mwenye fedha za gunia hununua kwa jumla na kupata bei nafuu kwa kila kilo. Mwenye fedha za siku moja hununua kwa fungu, kwa kijiko cha mafuta, kwa kipande cha sabuni, na akijumlisha manunuzi ya mwezi hukuta amelipa zaidi kwa kilo ile ile. Yeye anaijua hesabu hiyo vizuri. Anachokosa ni mtaji wa kuifuata. Kwa sababu hiyo akina mama wengi hutumia likelemba: kila mmoja hutoa kidogo, na anayefikiwa na zamu hupata fedha za kununua gunia. Wengine hushirikiana kununua gunia moja na kuligawa kwa mkebe. Hiyo ni bei ya kipimo kimoja iliyotolewa katika daftari na kutiwa katika vitendo.

Kibandiko cha rafu

Yafaa sasa kutazama mahali ambapo bei ya kipimo kimoja ilipata kuwa amri ya sheria. Marekani ilikuwa sehemu ya biashara ya Waswahili tangu mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na serikali ya nchi hiyo. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja nguo nyeupe iliyoitwa merikani, na nguo hiyo ikapimwa kwa mikono hadi Maniema. Zaidi ya karne moja baadaye raia wa nchi iliyotengeneza merikani walijikuta katika shida ya mnunuzi wa mafungu. Mwaka 1966 mtafiti Monroe Friedman aliwataka wanawake 33 waliosoma chuo wachague bidhaa zenye bei nafuu zaidi kwa kipimo katika duka kubwa. Walikosea katika asilimia 43 ya machaguo yao. Pakiti zilikuwa za ukubwa wa kila namna, na uzito uliandikwa kwa namna zilizofanya kugawanya kuwe kazi ngumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha maduka kuandika bei ya kipimo kimoja. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo kama hilo mwaka 1998, na Australia ikafuata mwaka 2009. Sheria hizo hazikumfundisha mnunuzi hesabu. Zilimhamishia muuzaji kazi ya kugawanya, na kumtaka aandike jibu mahali ambapo kila mtu analiona.

Hitimisho

Kibaba, sofi, mtako, kilo ya pamba na mkebe vinatoa ushahidi mmoja. Bei ya kipimo kimoja huhitaji mambo matatu: kipimo kisichobadilika, kipimo kinachoweza kuhakikiwa na pande zote mbili, na uhuru wa kwenda kwa muuzaji au mnunuzi mwingine. Sofi za Ujiji zilikuwa na yote matatu kwa siku ya soko. Mtako ulipoteza la kwanza, na chini ya Dola Huru ukapoteza la tatu. Pamba ilikuwa na la kwanza peke yake. Mkebe wa Kivu una la pili na la tatu, na la kwanza hutegemea kitako chake.

Kwa masoko ya Kongo, ambako kibandiko cha rafu hakiwezi kuwekwa juu ya fungu la mchicha, funzo la karibu zaidi ni mkebe uliohakikiwa: chombo kimoja chenye alama, kinachowekwa wazi katikati ya soko, ambacho kila mnunuzi aweza kumiminia alichonunua kabla ya kuondoka. Gharama yake ni ndogo. Ugumu wake ni kumpata mtu wa kukitunza ambaye wauzaji na wanunuzi watamwamini sawasawa.